Nyuki Jabalini, Samaki Dukani

"Hivi, Mama Hyasinta, moyo unasukuma damu mwili mzima. Haya, na wenyewe unalishwa na nani?"

Swali hilo aliuliza Debora, jirani yao wa Kigera, asubuhi moja alipokuja kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake. Debora alikuwa mtu wa maswali. Aliweza kukuuliza kwa nini kuku akinywa maji hutazama juu, na kabla hujajibu akawa na swali lingine.

"Unalishwa na Mungu," alijibu Ghati, mama yake Hyasinta, huku akikoroga uji.

"Hilo najua. Mimi nauliza habari ya mishipa."

"Basi kamuulize daktari Wanzagi, mnaimba naye kwaya. Mimi niliishia darasa la saba."

Wakacheka, Debora akabeba kaa lake kwenye kigae akaenda zake. Hyasinta, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alisikia yote lakini hakuyatilia maanani. Alikuwa akitafuta kiatu chake cha pili.

Ghati alikuwa mponda kokoto. Mume wake alifanya kazi Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote Ghati aliishi na Hyasinta peke yao, karibu na majabali makubwa yaliyotapakaa nyuma ya nyumba. Kila asubuhi walisali pamoja, wakanywa uji, kisha mtoto akaenda shule na mama akaenda kwenye mawe. Siku za Jumamosi walikwenda wote wawili.

Jabali halivunjwi kwa nguvu za mikono tu. Kwanza hupangiwa kuni na mabaki ya matairi juu yake, huwashwa moto, na moto huo huachwa uwake kwa saa kadhaa. Jiwe likishika joto hupasuka lenyewe, tena kwa mlio. Ndipo huingizwa mtaimbo kwenye ufa, vipande vikang'olewa, na wanawake wakakaa chini kuviponda kwa nyundo ndogo hadi viwe kokoto.

Lakini kabla ya kuwasha moto kuna kazi moja ambayo wapondaji wote wa pale huwaachia watoto, kwa sababu watoto ni wembamba na hupita penye upenyo. Kazi hiyo ni kulizunguka jabali. Mtoto hulizunguka lote, huchungulia kila ufa na kutega sikio, aone kama ndani mna nyoka, au pimbi, au nyuki. Akimaliza husema, "Nimezunguka." Mpaka aseme neno hilo, hakuna anayegusa kiberiti.

Jumamosi iliyofuata Ghati alimaliza kupanga kuni mapema. "Haya, zunguka," alimwambia Hyasinta.

Hyasinta akaanza. Alichungulia nyufa za upande wa mbele, zote zilikuwa tupu. Alipofika ubavuni aliwaona wenzake uwanjani wakicheza rede. Brenda alikuwa katikati, na mpira haukumpata hata mara moja. Hyasinta alisimama kutazama. Alitazama mpaka Brenda alipotolewa, na aliposikia mama yake akiita, aliona upande wa nyuma uko mbali na una miiba. Wiki iliyopita hapakuwa na kitu huko. Akarudi kwa njia ile ile aliyoendea.

"Umezunguka?"

"Nimezunguka, mama."

Ghati akafanya ishara ya msalaba kama alivyozoea, akawasha moto.

Haikupita nusu saa. Moshi ulipoingia kwenye nyufa za nyuma, nyuki walitoka kama mchanga uliorushwa. Ghati hakupiga kelele. Alivua kitenge chake, akamfunika Hyasinta kichwa na mabega, akamsukuma mbele. "Kimbia. Usigeuke."

Walikimbia hadi nyumbani, wakafunga mlango. Hyasinta hakuwa na hata alama moja. Mama yake alikuwa ameumwa shingoni, mkononi na nyuma ya sikio, mara saba kwa jumla. Hyasinta alimng'oa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja.

Muda si mrefu Ghati alianza kujikuna. Vipele vipana vilimtoka kifuani na mapajani, mahali ambapo hakuna nyuki aliyefika. Mdomo ulivimba. Kisha tumbo likamkata, akatapika kwenye beseni.

"Kichwa ni chepesi," alisema akijilaza kwenye mkeka. "Ni kama ile ya Suguti." Mwaka uliopita, alipokwenda kuwasaidia wazazi wake kupalilia huko Suguti, nyuki mmoja alimuuma, akavimba na kuwashwa mwili mzima. Alimeza Piritoni, akalala, kesho yake akaamka mzima. Tangu hapo aliamini kwamba nyuki na Piritoni ni mtu na mwenzake. "Nenda kwa Clementi, mwambie akupe Piritoni. Mwambie ni nyuki."

Duka la dawa la Clementi lilikuwa barabarani, si mbali. Kwenye benchi walikaa wanawake wawili wa kwenye mawe, wakisubiri zamu yao. Hyasinta aliwaamkia, kisha akamwamkia mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Mama. Anawashwa. Anaomba Piritoni."

Clementi hakunyoosha mkono kwenye kabati. Alifungua daftari lake kwanza. Watoto walimcheka kwa daftari hilo, walisema hata ukinunua pamba ya sikio anakuuliza jina la bibi yako. "Kawashwa na nini? Kuna mdudu kamuuma?"

Hyasinta aliwatazama wale wanawake wa kwenye benchi. Akisema nyuki, watauliza nyuki wa wapi. Akisema wa jabalini, watauliza nani alizunguka. Na Jumatatu shule nzima itajua.

"Kala samaki," alisema. "Sangara. Wa jana."

"Ametapika?"

"Hapana."

"Kizunguzungu? Anapumua vizuri? Anasikia kichwa chepesi?"

"Hapana. Anawashwa tu."

Uongo wa pili na wa tatu ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Clementi aliandika, kisha akahesabu vidonge vidogo vya njano, akavitia kwenye bahasha. Kabla hajampa alimkazia macho. "Sikiliza. Akianza kupumua kwa shida, au akatapika, au akasikia kama anataka kuzimia, msirudi hapa. Mnakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Njiani alijua kwamba mama tayari ametapika. Alijua pia kwamba akifikisha ujumbe ule, mama atauliza Clementi alimwambia nini hasa, na yeye alimjibu nini. Alifika nyumbani, akatoa dawa, akanyamaza.

Ghati alimeza kidonge. Hyasinta alikaa pembeni akimpepea kwa jalada la daftari. Baada ya muda ule muwasho ulipungua. Vipele vilianza kufifia, ngozi ikarudi kuwa ngozi. Hyasinta alishusha pumzi. Aliona kama vipele vinaondoka na lile kosa nalo linaondoka navyo.

Ila alipomshika mama mkono, ulikuwa wa baridi, na jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa.

"Moyo unakimbia," Ghati alisema polepole. "Unakimbia halafu kama umebanwa hapa kifuani. Ngoja nitoke nje nipate hewa." Akainuka. Alipiga hatua moja, macho yakageuka, akaanguka chini.

Hyasinta alitoka mlangoni akiita. Debora alikuja mbio na mikono yake ina unga. Nyuma yake alikuja Makongoro, kijana mwenye guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobebea kokoto.

"Kafanya nini?" Debora aliuliza.

"Kala samaki," Hyasinta alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri.

Ghati alikuwa amefumbua macho lakini hakuweza kusema. Debora alimshika makwapa. "Tumkalishe. Makongoro, kaazime pikipiki ya kawaida, atakaa katikati, mimi nyuma nimshike." Kisha kwa mkono mmoja akampigia simu tabibu Wanzagi wa kituo cha afya, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. "Daktari, Mama Hyasinta kaanguka. Kala samaki mbaya. Eh, katapika, beseni hili hapa. Ngozi ilikuwa na vipele, mtoto anasema vimeisha kwa Piritoni. Makongoro yuko hapa na guta, ila tunataka tumlete kwa pikipiki ya kawaida, amekaa."

"Vipele?" sauti ya Wanzagi iliuliza. "Kala saa ngapi?"

"Sijui. Mimi nimefika sasa hivi."

"Mpe simu aliyekuwa naye."

Debora alimwekea Hyasinta simu karibu na mdomo.

"Mwanangu," Wanzagi alisema, "mimi simwoni mama yako. Nategemea wewe. Dawa nitakayoandaa ni ile utakayonionyesha wewe kwa maneno yako. Kimempata nini?"

Hyasinta alimtazama mama yake. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Alitazama pia kile kitenge kilichokuwa kimetupwa mlangoni, kile alichofunikwa yeye.

"Nyuki," alisema. "Saba. Kwenye jabali. Tangu saa tatu na nusu. Alitapika kabla ya dawa. Samaki hajala."

Kisha Wanzagi alisema maneno machache, yaliyonyooka. "Debora, mwache. Msimkalishe wala msimsimamishe. Mlazeni chali, miguu iinueni juu ya kitu. Msimpe maji wala maziwa. Pikipiki ya kawaida hapana, mleteni kwenye guta amelala hivyo hivyo. Nakwenda kuandaa sindano, nitawapokea getini."

Makongoro alimwaga kokoto zote chini pale pale mlangoni. Wakatandika mkeka na godoro, wakamlaza Ghati, Hyasinta akakaa kwenye guta na miguu ya mama yake juu ya magoti yake. Njia nzima Debora alisali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Akifika mwisho alianza tena.

Wanzagi aliwapokea getini kama alivyosema. Alimchoma Ghati sindano ya pajani, humo humo kwenye guta, kabla hajaandika hata jina. Ndipo wakamwingiza ndani, wakamtundikia maji ya mshipa na kumpima presha mara kwa mara. Baada ya dakika kumi midomo ilianza kurudisha rangi. Baada ya nusu saa Ghati aliuliza kama moto umezimwa jabalini.

Walimlaza kituoni mpaka kesho yake ili wamwangalie. Asubuhi ile, baada ya misa ya kwanza, Debora alifika na chupa ya chai, akamkuta Wanzagi kando ya kitanda, na Hyasinta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Daktari, mimi sijaelewa," Debora alisema. "Vipele vilikuwa vimeisha. Muwasho umeisha. Mtu anaangukaje wakati anapona?"

Wanzagi alivuta stuli. "Mwili una kemikali inaitwa histamini. Imehifadhiwa kwenye vyumba vidogo vidogo vya mwili, inangoja adui. Kwa watu wengi nyuki akiuma, histamini inatoka kidogo, mahali pale pale, pakavimba, yakaisha. Kwa mtu kama Mama Hyasinta inamwagika mwili mzima kwa mara moja. Ikifika kwenye mishipa ya damu, inailegeza na kuipanua, tena inaifanya ivujishe. Lile bomba letu la huku Kigera likipasuka chini, maji yanafika kwenye tangi la mlimani?"

"Hayafikagi," Debora alisema. "Tunakaa siku tatu."

"Ndivyo presha inavyoshuka. Sasa wewe Debora, moyo ni pampu, lakini na wenyewe unahitaji damu. Una mishipa yake midogo, imeuzunguka kwa nje. Hiyo ndiyo inayoulisha. Presha ikishuka, mishipa hiyo inapata damu kidogo. Na histamini hiyo hiyo, kwa watu wengine, inaibana mishipa ya moyo. Kwa hiyo moyo unakimbia kutafuta damu, huku wenyewe una njaa. Ndiyo maana alisikia kubanwa kifuani. Alipoinuka ghafla, kile kidogo kilichobaki kikashuka miguuni."

"Na Piritoni?" aliuliza Ghati kutoka kitandani, kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka.

"Piritoni inaikatalia histamini nafasi ya kukaa. Muwasho unapungua, upele unafifia, mafua ya vumbi yanatulia. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo. Lakini haipandishi presha iliyoshuka, na haiurudishii moyo damu yake. Ukiwa nayo peke yake, ni kama kupangusa sakafu huku paa linavuja. Sindano ya jana inaitwa adrenalini. Ile inakaza mishipa na kuupa moyo nguvu. Na lazima iwahi. Mtu akiumwa na nyuki, akatokwa na vipele mwili mzima, na tena akatapika au akasikia kuzimia, hapo si jambo la duka. Ni kituo cha afya, amelala chali." Akamgeukia Ghati. "Na wewe, mama, kila atakayekutibu kuanzia leo, kitu cha kwanza umwambie ni nyuki."

Hyasinta alisikiliza kila neno. Hakuinua kichwa.

Ghati alirudi nyumbani jioni ile. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutangulia. Bombani, kwenye foleni ya ndoo, Debora alikuwa amesimulia habari yote, na katika kusimulia akaongeza la kwake: kwamba Piritoni ya Clementi ni unga mtupu, imepita muda, mtu kameza kaanguka. Jumatatu wanawake walipita mbele ya duka lile bila kuingia. Jumanne mtu alichora alama ya mkasi, ile ya kitu kilichokataliwa, kwenye mlango wake kwa mkaa. Hyasinta alipita hapo akitoka shule. Aliona benchi tupu, na Clementi amekaa nyuma ya meza, daftari limefungwa.

Siku ya Jumatano, alasiri, Clementi alibisha hodi kwa Ghati. Debora alikuwepo, ameleta uji wa ulezi. Clementi alikataa kiti mara mbili, mara ya tatu akakaa ukingoni.

"Pole kwa kuumwa, Mama Hyasinta. Namshukuru Mungu umepona. Sikuja kugombana na mtu." Hakumtazama Debora. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nilikosea wapi? Maana nikijua nilipokosea, nitamwepusha mwingine."

Akatoa kopo lile lile alimohesabia vidonge vya Jumamosi, akaliweka mezani ili tarehe yake isomwe. Debora aliisoma. Ilikuwa na mwaka mzima mbele. Kisha Clementi akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya kawaida. "Jumamosi, saa nne na robo. Mama Hyasinta, mtu mzima. Muwasho. Kala sangara wa jana. Hajatapika. Hana kizunguzungu. Nimempa Piritoni. Nimemwonya mtoto: akitapika au akisikia kuzimia, kituo cha afya mara moja."

"Sangara?" Ghati alisema. "Nani kala sangara humu ndani? Jumamosi sisi tulikunywa uji."

Debora aliacha kukoroga.

"Ni mimi," Hyasinta alisema. Alisimama, kwa sababu shuleni walifundishwa kusimama wanapojibu. "Aliniuliza mdudu, nikasema samaki. Aliniuliza kutapika, nikasema hapana. Aliniambia nikuambie uende kituo, sikukuambia. Na jabali sikulizunguka, mama. Niliishia upande wa rede."

Clementi aliweka kidole kwenye mstari wa daftari, akakiondoa. "Uliniogopa mimi?"

"Hapana, baba. Niliogopa wataniuliza nani alizunguka."

Ghati hakupandisha sauti.

"Hyasinta. Kosa la jabali lilikuwa kosa la mtoto. Ningekuchapa kwa maneno, tungesali, tungelala. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikuwaga nakwepa kuchunga. Lakini ulipolificha, likaota miguu. Likaenda dukani, likarudi hapa, likaingia kwenye simu, sasa limekaa mlangoni kwa Clementi. Mtu anayekutibu haoni ndani ya mwili wako. Macho yake ni maneno unayompa. Ukimpa ya uongo, umemfunga kitambaa usoni halafu unamwambia tembea. Clementi alitembea vizuri, akanikanyaga mimi, kwa sababu wewe ndiye ulimfunga. Ulisema kweli kwenye simu, na kwa kweli ile ninapumua. Hilo nalo sitalisahau. Lakini ulisema nusu. Na nusu iliyobaki imemwangukia mtu asiye na kosa."

Debora alishusha bakuli. "Na mimi. Bombani nilisema mimi. Nitakwenda kuyafuta."

"Wewe utafuta ya kwako, Debora," Ghati alisema. "Ya kwake hayafutwi na mtu mwingine."

Nje, kutoka upande wa bomba, zilisikika ndoo zikigongana. Ilikuwa saa ya foleni. Wanawake wa barabara nzima walikuwa hapo, na akina Brenda na nusu ya darasa lake.

Hyasinta alimtazama Clementi, akapiga goti kidogo kama anavyoamkiwa mtu mzima. Clementi aliitikia kwa kichwa. Kisha Hyasinta akavuka kizingiti, akashika njia ya bombani, mikono mitupu, bila ndoo, kwenda kusema ya kwake mwenyewe.